Miezi Saba Bila Kuruka

Rashidi mwanangu,

Salamu zangu utazipata kesho asubuhi kwa mdomo, kwa hiyo sitamaliza karatasi kuuliza hali yako, ambayo naijua. Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga watu wa msikitini na wale rafiki zako. Baba yako yuko buchani. Mimi nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, ubao wa kukatia mboga nimeuweka magotini, karatasi juu yake. Mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima unashuka bonde. Vumilia. Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na darasa la akina mama miezi minne, basi. Ukikuta neno limekosewa, usicheke mpaka umalize.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kutotembea Nairobi bila pasi mfukoni, hayo nimeyasema mpaka umeniambia nimekuwa kama santuri iliyokwama. Sawa. Siyaandiki. Naandika lile ambalo kila nikilianza wewe unachukua kofia unatoka.

Jumatatu nilikuwa nakunja nguo zako. Chini ya shati jeupe nikakuta kile kitabu chako cha bluu, kile mnachoandika kila mkipanda ndege: tarehe, saa, mlitoka wapi, mkashuka wapi. Usiseme nilikupekua. Nilikunja nguo. Lakini nilikifungua, hilo nakubali. Kingereza sijui, ila tarehe najua. Nikafuata kwa kidole mpaka mstari wa mwisho. Mwezi wa pili. Ramadhani ilikuwa haijaingia. Leo tuko mwezi wa tisa na Maulidi ndiyo haya. Nikageuza ukurasa nikidhani umeendelea upande wa pili. Mweupe.

Miezi saba, Rashidi! Na Ijumaa ya wiki ijayo unataka kumpandisha Bwana Lalji, na mkewe, na yule mjukuu wao wa miaka mitano, mtoke Nairobi, mpite ubavuni mwa mlima, mje kushuka Ruiri, huku kwetu Meru.

Najua ndege ilivunjika gurudumu na chuma chake kikangojewa kutoka ng'ambo miezi yote hiyo. Sikulaumu kwa hilo. Najua pia Bwana Lalji alikatazwa na daktari wa macho asirushe tena ndege yake mwenyewe, ndiyo sababu akakutoa wewe, karani wake, nyuma ya kaunta ya duka, akakupeleka klabu ya ndege akakulipia ufundishwe. Mungu amzidishie. Mtaa wetu wote wa Majengo ulizungumza. Mama Saidi alisimama mlangoni kwangu akasema, "Eti mwanao amekuwa ndege? Basi akitaga, mayai mawili yangu." Nilicheka mpaka machozi. Sokoni nilikuwa natembea shingo imenyooka, wananiita Mama Rubani, na mimi naitika. Kwa hiyo usinifanye mama mshamba anayeogopa chuma kinachoruka.

Ninachochukia ni maneno yako mawili. Leseni ninayo.

Jumanne nilikuuliza kwa upole, baba yako akiwepo, "Utapanda kwanza na mwalimu wako kabla hujawabeba watu?"

"Mama, leseni ninayo."

"Nimeuliza mwalimu."

"Leseni haiozi, mama. Si nyama ya baba."

Baba yako akacheka, na wewe ukacheka, ukaenda zako. Lakini hukuona ulipofunga mlango. Alininyoshea kile kidole chake chenye kovu. Akasema, "Unakumbuka nilipougua kifua?" Mimi nakumbuka. Miezi mitatu hakushika kisu. Siku ya kwanza kurudi buchani, paja la kwanza la ng'ombe, kisu kikateleza kwenye mfupa kikaingia kidoleni mpaka kikagonga mfupa wake mwenyewe. Mtu aliyekuwa amekata nyama miaka ishirini! "Na leseni ya bucha ilikuwa pale ukutani," akaniambia, "inanitazama navuja damu." Nikamwambia, basi mwambie mwanao. Akasema, "Wewe mwambie, mimi atanishinda kwa maneno." Ndivyo mlivyo nyinyi wawili. Maneno magumu yote naachiwa mimi, kisha mnaniita mwoga.

Na ebu niambie, haya ya ndege nimeyajua wapi? Si kwako? Mwaka jana ulipokuwa unakuja kila mwisho wa mwezi, ulikuwa unakaa hapa hapa jikoni, unashika mwiko kama usukani, unanifundisha mimi. "Mama, kupaa ni rahisi, ndege yenyewe inataka kupaa. Kazi ni kushuka." Ukaniambia macho ndiyo husahau kwanza. Ardhi inakuja, wewe unadhani bado iko mbali, kumbe umeifikia. Au unadhani umeifikia, unainua pua mapema, ndege inaishiwa mwendo hewani inaanguka kama gunia la viazi. Ukaniambia mwalimu wenu ana sheria yake: rubani akikaa miezi mitatu hajaruka, habebi mtu yeyote mpaka apande na yeye kwanza, apae na kushuka mara tatu, halafu mwalimu apunguze moto wa injini huko juu, kama vile imekufa, aone kama kijana atakumbuka pa kutua. Ulisema hata Wazungu wenye mashamba na ndege zao anawalazimisha. Mmoja alikasirika akatupa kofia chini. Ulimwigiza yule Mzungu hapa, ukarusha sufuria, tukacheka mpaka Mama Saidi akagonga ukuta.

Leo mwenye kutupa kofia ni nani?

Tena Ruiri. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba Ruiri si kiwanja cha Nairobi. Ni majani. Kuna mzee wa kufukuza ng'ombe ndege ikija, na siku nyingine ng'ombe wanamfukuza yeye. Upepo wa mlima mchana unapiga kwa ubavu. Wewe mwenyewe ulisema pale mtu anashuka amekaza meno. Na atakayekaa kando yako Ijumaa hiyo ni mzee ambaye macho yake hayaoni saa ya ukutani. Ukikosea nani atakuambia?

Nimekasirika. Kalamu imetoboa karatasi hapo juu, umeona. Nimeenda kunywa maji nikarudi.

Sasa nikuambie kwa nini siwezi kulinyamazia hili kama wengine. Hili ninaloandika baba yako halijui. Mama yako mdogo Halima halijui. Hakuna anayelijua.

Ukunga sikufundishwa na kitabu. Nilifundishwa na nyanya yako wa Kianjai. Yule mama alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniaibisha. Ikipita miezi hakuna mwanamke wa kujifungua pale kwao, alikuwa anaamka asubuhi anazunguka kwa watu wenye mbuzi. Anauliza, nani ana mbuzi amekaribia? Anakaa chini kwenye mavi, anapapasa tumbo, anatafuta kichwa kiko wapi, miguu iko wapi, na akizaa anasaidia. Halipwi kitu. Watoto walikuwa wanamwimbia. Mimi nikamwambia, mama, wewe ni mkunga wa watu, unatutia aibu. Akanijibu kwa Kimeru kwamba mikono ya mkunga haikai bure. Isiposhika, inasahau, na haikuambii kwamba imesahau. Nikacheka. Mimi nilikuwa msichana wa mjini, binti wa askari, navaa viatu. Nikasema mimi mbuzi sishiki.

Na nilikuwa hodari, Rashidi. Hapo sijisifu bure. Nusu ya rafiki zako unaowaaga leo nimewapokea mimi.

Halafu ikaja imajensi, ile hali ya hatari ya serikali. Unakumbuka ilivyokuwa. Watu wa mashambani wakatiwa ndani ya vijiji vya boma, handaki na miti iliyochongwa ncha, huingii bila karatasi, hutoki bila karatasi. Sisi wa Majengo tukaambiwa wanawake wa kujifungua waende hospitali. Baba yako akaogopa nikitembea na kisanduku changu nitashikwa. Nikakaa. Mwezi, miezi sita, mwaka. Mwaka na nusu sikushika tumbo la mtu. Kisanduku kiko juu ya kabati, nakipangusa vumbi kila Ijumaa, najiona bado mkunga.

Ndipo Halima akaleta habari kutoka Embu kwamba amekaribia, na ni mimi anamtaka, hataki mwingine. Nikapata pasi ya siku saba. Wewe ulibaki na baba yako, mkala maini wiki nzima, unalalamika mpaka leo.

Nikafika kijijini kwao. Humo ndani ya boma kulikuwa na mkunga mmoja, mama mzee Mmbeere, jina lake Ciarunji. Nguo zake kuukuu, miguu peku, lakini tangu wafungiwe pale alikuwa amezalisha karibu kila wiki. Uchungu ulimwanza Halima alfajiri. Ciarunji akaja mlangoni akasema kwa heshima kabisa, "Dada, nikae na wewe? Mikono minne ni mizuri."

Nikamtazama miguu. Nikamwambia, "Asante mama, mimi nimezalisha Meru nzima."

Akakaa nje, kwenye jiwe. Hakuondoka.

Mtoto akaja kwa miguu. Nilikuwa nimepapasa tumbo asubuhi nikasema kichwa kiko chini. Kichwa kilikuwa juu. Hata hilo mikono yangu haikuniambia. Sasa, mtoto wa miguu ana kanuni moja ambayo nyanya yako alinipigia mpaka nikaota: usimvute. Mwache mama asukume, mwache mtoto ateremke kwa uzito wake, wewe subiri. Naijua. Nilikuwa naijua hata siku ile, ningeulizwa ningeijibu neno kwa neno kama wewe unavyojibu ya mwalimu wako. Lakini miguu ilipotoka, kisha tumbo, kisha akasimama pale, Halima anapiga kelele, mimi moyo ukaanza mbio. Zamani moyo wangu ulikuwa haukimbii. Nikavuta.

Ukimvuta, mikono yake inapanda juu kando ya kichwa, anakwama. Akakwama. Nikaingiza vidole kutafuta mkono, nikaupata, na badala ya kuuteremsha taratibu kupita mbele ya uso, nikauvuta huo nao. Nilisikia kitu kwenye vidole vyangu. Sitakuandikia kilikuwa nini.

Mtoto akatoka mzima, akalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Ciarunji akaingia, akamwosha, akamwinua. Mkono mmoja ulipanda, mwingine ukaning'inia. Akanitazama mimi, wala hakumtazama mtoto. Akaniuliza polepole, wengine wasisikie, "Dada, umekaa muda gani?"

Ningeweza kusema kweli pale pale. Nikamwambia, "Sijakaa. Nazalisha kila mwezi."

Na kwa Halima nikasema ni mapenzi ya Mungu, mtoto amezaliwa hivyo. Akanishukuru. Akanibusu mikono, Rashidi, hii hii.

Huyo ndiye Zuhura wetu. Ule mkono wake wa kushoto usiopanda juu ya bega ni mimi. Idi iliyopita ulimbeba mabegani ukamwambia, "Shika nywele zangu kwa mikono miwili, tunaruka!" Akashika kwa mmoja akicheka. Mimi nikaingia jikoni, ukafikiri naangalia wali.

Kisanduku nilikigawa. Mlidhani nimezeeka.

Basi sasa unajua. Na nikuambie kinachoniuma zaidi ya ule mkono. Kukaa mwaka na nusu hakukuwa kosa langu, ni serikali, ni pasi, ni boma. Kama miezi yako saba, ni chuma cha ng'ambo huko. Kosa langu lilikuwa lile jiwe la nje na mama aliyelikalia, mikono yake ina moto wa kazi, na mimi nikaona aibu kumwita.

Leo asubuhi ulipokuwa bado umelala nilifanya jambo. Nilivaa buibui nikaenda dukani kwa Bwana Lalji. Nilitaka kumwomba, kama mzazi kwa mzazi, akulazimishe upande na mwalimu kwanza. Alinipokea vizuri, akaagiza kiti.

"Mama Rashidi, hofu ya nini? Kijana amekwisha ruka na mwalimu wiki mbili zilizopita, alipokwenda kuangalia ndege. Mwenyewe ameniambia. Mara tatu ameshuka, safi kabisa."

Yule mjukuu alikuwa chini ya kaunta anachezea mizani, ananirushia mawe ya ratili.

Ungeruka ungeandika. Wewe hata ukipanda dakika kumi unaandika, ulinionyesha mwenyewe. Ukurasa ni mweupe.

Na mimi, mama yako, nilifanya nini? Nikasema, "Aa, kumbe. Alhamdulillahi." Nikanunua sukari nusu ratili ambayo sikuihitaji nikarudi nyumbani. Nimekufichia. Njia nzima najitukana. Mara ya pili maishani mwangu nimesema uwongo ule ule, na safari hii sina hata uchungu wa mtu wa kunichanganya kichwa.

Usidhani sijui unachoogopa. Unaogopa mwalimu atakuona umelegea. Unaogopa wale Wazungu wa klabu watasema, si tulisema, Mwafrika huyu. Unaogopa yule mpwa wa Bwana Lalji anayengoja nafasi yako. Wewe ni wa kwanza kutoka hapa, na wa kwanza haruhusiwi kuonekana anarudi shule. Najua, baba. Mimi nami nilikuwa mkunga wa viatu mbele ya mama wa miguu peku. Waache waseme. Mwalimu akikukuta umelegea atakunyosha, siku mbili, siku tatu, umerudi. Si ndiyo kazi yake? Hata akikuambia ngoja mwezi mzima, Bwana Lalji na mkewe watapanda gari la moshi mpaka Nanyuki kama watu wengine.

Na baada ya hapo usiache tena. Ndege ikiharibika, omba kukaa kando ya mtu mwingine anayeruka, hata kama ni mtu wa kukunja uso. Kama hakuna ndege kabisa, shika mwiko ukae jikoni kwako ufanye kama ulivyokuwa ukinifanyia mimi, useme kwa sauti, sasa napunguza mwendo, sasa natazama upepo. Nani atakuona? Nyanya yako alienda kwa mbuzi mchana kweupe.

Sikuambii ufanye peke yako. Nikishakuaga naenda kwa mkuu wa wilaya kuomba pasi ya Embu. Nitakaa na Halima nimwambie ule mkono umetoka wapi. Pengine hatanifungulia mlango tena. Ni haki yake. Sijui nitaanzaje, lakini nitakwenda.

Sasa sikiliza. Barua hii nitakupa kesho ukitoka kuswali alfajiri, uisome mbele yangu. Gari la Bwana Lalji, mtakalokwenda nalo Nairobi nyote, linaondoka dukani saa moja. Una muda wa kutosha kwenda kumwambia mwenyewe, faraghani, kama mwanamume: sikuruka, nilikudanganya, naomba mwalimu kwanza. Mimi nitakuja nyuma yako polepole. Nikikuta umemwambia, nitakuwa nimekuja kukuaga tu, nitalia kidogo, nitarudi nyumbani.

Nikikuta hujamwambia, nitasimama mbele ya lile gari, nitasema mimi, mkewe akisikia, na mtoto akisikia, na barabara nzima. Kazi ikikutoka, ikutoke. Ukinichukia, nichukie ukiwa Nairobi, nichukie miaka kumi, usiniandikie. Sitaondoka mbele ya gari.

Mimi mama yako,
Mwanaidi